Msitu Unaijua Sauti Yangu

Goti langu la kulia lilistaafu kwanza. La kushoto likalifuata baada ya mvua ndefu, na nilipoona nimebaki kazini peke yangu, nikabeba mkoba nikarudi nyumbani Chaka. Sasa nyinyi vijana wa pale geti la mlima, mnaobeba mizigo na mlioanza kuongoza wageni, mmekuwa mkinipigia simu kila wiki. Mzee Ndirangu, njia ya juu imejaa maji, tupite wapi? Mzee Ndirangu, ndovu wamesimama kwa daraja, tufanye nini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona koma imekaa mahali si pake, irudisheni nyinyi mliosoma.

Mambo ya nani alinipa cheo na nililipwa nini sitayagusa. Mlima haujawahi kuniuliza cheo. Lakini niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: upande huu wote wa mlima, hakuna mtu ameongoza wageni kunishinda. Wako waliofika kileleni mara nyingi kuliko mimi, sawa, lakini kufika kileleni ni miguu tu. Kupitisha watu katikati ya wanyama na kuwarudisha nyumbani wakicheka ni kipaji, na mimi nilipewa. Sikusomea mahali. Nilijitengeneza mwenyewe, nikisaidiwa na mdomo wangu na mzee mmoja.

Nianze na mdomo, kwa sababu ndio ulioniajiri.

Nilikuwa kijana nikiuza gambuti za mitumba, zile buti ndefu za mpira, pale Majengo, Nyeri, karibu na msikiti. Kibanda sikuwa nacho. Nilikuwa na gunia na sauti. Nikianza kusifu gambuti, mtu aliyetoka kwake kununua sukari alirudi na gambuti, na sukari akasahau. Siku moja akasimama mbele yangu mzee mwembamba, kofia ya sufu ameivuta hadi kwa nyusi, akanisikiliza karibu asubuhi nzima bila kuuliza bei. Nilidhani ni mtu wa kanjo, wale askari wa baraza la mji, amekuja kunifukuza. Kumbe ni Mzee Kariithi, aliyekuwa akiongoza wageni mlimani tangu mimi nikinyonya. Mwishowe akainua gambuti moja, akaipindua, akaangalia soli, akairudisha kwa gunia.

“Gambuti ni mbaya,” akasema. “Lakini mdomo ni mzuri. Kesho kuja Naro Moru.”

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Nasikia siku hizi mnaulizwa hata mtajiona wapi baada ya miaka fulani.

Siku ya kwanza wenzangu walipewa gesi, hema na viazi. Mimi mgeni kazini nikapewa mayai. Nilijaribu kufunga trei juu ya mkoba kwa kamba, na Mzee akaniangalia nikihangaika mpaka akachoka. Halafu akachukua ndoo, akamwaga unga wa ugali kidogo chini, akapanga mayai, akamwaga unga tena, akapanga tena, hadi ndoo ikajaa. Tulipanda ule mwinuko wa matope ambao hata sasa unawatoa machozi, nikaanguka nayo zaidi ya mara moja, na kambini hakuna yai lililokuwa limepasuka. Unga ukapikwa, mayai yakakaangwa, ndoo ikageuka kuwa ya maji. Mpaka leo nikiona mtu amefunga trei kwa kamba namhurumia, na ninawahurumia zaidi wanaomngoja kwa chai ya asubuhi.

Lakini somo lenyewe lilikuja kwa mianzi. Mnaijua hiyo njia. Mianzi imesimama pande zote mbili kama ukuta, njia inapinda na kupinda tena, na mbele huoni zaidi ya urefu wa ng'ombe. Nilikuwa nimeishiwa pumzi, nimenyamaza. Mzee akasimama.

“Mbona umenyamaza?”

“Nimechoka, Mzee.”

“Choka na miguu. Mdomo iendelee.”

Akanieleza pale pale, na siku hiyo aliongea mengi kuliko siku nyingine yoyote niliyomjua. Nyati, alisema, si mnyama mbaya, ila hapendi kushtuliwa. Akisikia mtu anakuja kutoka mbali, anajiondoa polepole, anaingia ndani kidogo na kungoja upite. Ukimtokea ghafla kwenye kona, hapo hana muda wa kukuuliza unatoka kwa nani. Kwa hivyo unaongea. Hupigi kelele, maana kelele ni ya mwindaji na mbwa wake. Huimbi, maana wimbo unaisha. Unaongea tu, kama mtu anayepita kando ya boma la jirani akielekea kwake. Mzee mwenyewe hakuwa na maneno. Miaka yote alikuwa akigonga kikombe cha bati kwa fimbo, na alisema mkono umechoka. Ndiyo sababu alikuwa ameenda Majengo kutafuta mdomo.

Basi nikaongea. Niliongea mpaka nikawa mwongozaji, na niliongea mpaka nikastaafu. Nyati wa msitu huu wanajua nilivyooa. Wanajua ugomvi wangu na shemeji juu ya mpaka wa shamba, na wanajua nani alikuwa na haki, maana hakuna hata mmoja amewahi kunipinga. Kuna kona nilikuwa nikifika nasikia matawi yakivunjika polepole upande wa juu, kitu kizito kikinipisha. Nilikuwa nasema asante na kuendelea na hadithi. Wenzangu walijaribu njia za mkato. Mmoja alibeba redio, na kundi la vijana kutoka Nairobi walikuja na spika ya muziki, wakadhani ni afadhali kuliko mimi. Spika haina harufu ya mtu wala haipumui ikipanda mlima. Ndovu mmoja aliwasimamia njiani, masikio wazi, mpaka wakazima wenyewe, na jamaa mwenye spika alishuka mlima akiwa muumini kuliko alivyopanda.

Na msidhani kuongea kunakunyima kuona. Nimeona mambo ambayo matajiri wanavuka bahari kuyatafuta, na mimi niliyaona nikienda kazini. Asubuhi baada ya mvua, mlima ukifunguka wote mara moja, barafu kidogo iliyobaki ikiwaka, unasahau hata mgongo unauma. Mbega wakiruka kutoka mti hadi mti, ile mikia myeupe ikiwafuata kama shuka la kanisani. Kule juu, mmea wa lobelia unakunja majani jioni kulinda moyo wake na baridi, asubuhi unayafungua, na ndege mdogo wa kijani anayeng'aa anakuja kuunywea asali. Pimbi mnene anakaa juu ya jiwe akiota jua kama diwani. Nimeona nyayo za ndovu zimejaa maji na vyura wakiimba ndani yake. Mtu aliyelala usingizi kambini saa ya macheo, mimi nilikuwa namvuta kwa miguu. Alalie pesa zake nyumbani kwake.

Mnyama mmoja tu alinishinda, na ni kwa sababu ya mdomo huohuo. Ni ndongoro, yule wazungu wanamwita bongo. Ni paa mkubwa mwekundu kama udongo wa Othaya, mwenye mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojipinda. Wamebaki wachache sana, na ni waoga kuliko wote. Mtu akikohoa yeye hukimbia, sembuse mtu akisimulia harusi yake. Mimi nimemwona mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona makalio, mara ya pili sikio. Nikiunganisha, nimemwona kama nusu.

Hapo ndipo anaingia Mwalimu Wafula.

Mwalimu alikuja kutoka Bungoma akiwa kijana, akapewa kufundisha baiolojia sekondari moja huku Kieni, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Alimfundisha binti yangu Njeri. Njeri alipofika kidato cha pili alikataa shule, akasema ataanzisha saluni Chaka. Mimi nilinguruma, mama yake akalia, haikusaidia. Mwalimu alikuja na baiskeli Jumamosi, akatoa fuvu la mbuzi kwa mfuko, akaliweka katikati ya meza yetu ya chakula, akamuuliza Njeri meno ya nyuma yanafanya kazi gani. Shule hakuitaja hata kidogo. Jumamosi iliyofuata akarudi na kitu kingine, nafikiri ni bawa la bundi. Leo Njeri ni daktari wa mifugo kule Nanyuki. Mama yake ameisugua ile meza miaka yote na bado anasema inanuka mbuzi.

Sasa Mwalimu alikuwa amestaafu, anafunga vitu kurudi kwao. Alinikuta sokoni Chaka siku ya soko, na nikaona ananisalimia akitazama kidogo kando ya uso wangu. Tukakaa kwa hoteli ya chai. Akanieleza ana presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwa tundu la mlango, na daktari alikuwa amemwambia hilo tundu nalo litazibika.

“Baba Njeri,” akasema, “wewe husema hakuna mnyama umeshindwa kumwonyesha mtu.”

“Na ni kweli.”

“Basi nionyeshe ndongoro.”

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kila mwaka alimchora ubaoni kwa chaki nyekundu, kila mwaka watoto wakamuuliza kama amewahi kumwona, na kila mwaka akasema bado. Msitu ulikuwa hapo nyuma ya vyoo vya shule. Daima kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. “Sitaki kurudi Bungoma na picha niliyochora mwenyewe,” akasema. “Nimwone mara moja, halafu haya macho yaende yakitaka.”

Mdomo wangu ukajibu kabla mimi sijafikiria. “Hesabu umemwona, Mwalimu.”

Niliposhuka kwa pikipiki nyumbani ndipo niliona ugumu wenyewe. Nikiongea, ndongoro hatakuja. Nikinyamaza, napeleka mtu asiyeona pembeni katikati ya nyati, mtu ambaye nikimwambia panda mti ataniuliza mti uko wapi. Yule mwalimu alimrudisha mtoto wangu darasani kwa fuvu la mbuzi. Singeweza kumrudisha kwao Bungoma ndani ya sanduku, na singeweza kumrudisha bila ndongoro.

Nikaenda kwa Mzee Kariithi. Nilimkuta kwa boma la ng'ombe akikatakata nyasi, na hakuacha kukata nikimweleza. Nilipomaliza akanyoosha mgongo.

“Ongea ukiingia,” akasema. “Ongea ukitoka. Mnyama hajui kuhesabu watu. Yeye anajua sauti. Sauti ikienda, kwake watu wameenda.”

Nikaelewa mara moja, na nikaona ni akili sana. Wengine wanabaki juu ya mti kimya, mmoja anaondoka na maneno. Nikauliza nani ataondoka.

“Mwenye sauti.”

Nikamwambia labda tutafute mtu mwingine wa kuondoka akiongea, mimi nibaki na Mwalimu, maana mimi ndiye mwongozaji. Na nitasema wazi: mimi pia nilikuwa nataka kumwona huyo mnyama mzima, si nusu. Mzee akaniangalia kutoka chini ya kofia.

“Wewe husema msitu unajua sauti ya nani?”

Akarudi kwa nyasi zake.

Tulienda asubuhi jua likitoka. Tulikuwa Mwalimu, Mzee Kariithi, mimi, na askari mmoja wa bunduki kutoka Kitui tuliyepewa getini, mtu mpole sana. Mama Njeri alikuwa ametufungia chapati na viazi vitamu. Mimi mbele nikiongea, Mwalimu nyuma yangu ameshika kamba ya mkoba wangu. Nilimwambia ndongoro angekuwa kuku, yeye Mluhya, kwa vile wanavyopenda kuku, angekuwa amemwona zamani, hata macho yote mawili yakiwa yamefungwa.

“Na angekuwa shamba linalouzwa,” akajibu, “wewe mtu wa Nyeri ungemwona usiku kutoka Nairobi.”

Askari akacheka mpaka bunduki ikateleza kutoka begani. Kwenye kona ya tatu au ya nne matawi yakavunjika juu yetu, polepole, kitu kikatupisha. Mwalimu akauliza ni nini. Nikamwambia ni rafiki zangu.

Mahali penyewe ni bonde dogo chini ya mianzi, ambapo wanyama huja kulamba udongo wa chumvi. Kuna mti mkubwa wenye kichanja cha mbao kilichoachwa na watafiti fulani, na ngazi. Nilipanda nyuma ya Mwalimu nikimwekea kila mguu mahali pake. Mzee Kariithi akapanda, akakaa kando yake, akaingiza kikombe cha bati ndani ya koti kisigonge. Nikamgeuza Mwalimu mabega mpaka lile jicho lililobaki likaelekea udongoni. Halafu nikashuka.

Kusema kweli, nimebeba wagonjwa mgongoni kutoka juu, nimevuka mito iliyofurika, na sikumbuki kazi iliyonishinda moyo kama kuupa ule mti mgongo. Nikamwambia askari tuongee. Akasema, “Mimi sina maneno mingi, bwana.” Nikamwambia aseme chochote. Akafikiria, halafu akaanza kutangaza mpira, mechi nzima, na majina ya wachezaji, kama redio. Nami nikaanza habari ya fuvu la mbuzi. Niliusimulia msitu wote: Njeri alivyoketi amekunja mikono, Mwalimu alivyongoja bila haraka, mtoto alivyonyoosha kidole mwishowe akagusa lile jino. Nilisimulia kwa sauti ya kawaida nikienda, kona baada ya kona, ili kila mwenye masikio ajue Ndirangu anaondoka. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Ningegeuka, sauti ingerudi.

Tukafika kijito, tukanyamaza, tukangoja. Saa sita ikapita. Halafu ukungu ukaanza kushuka kutoka juu, mzito, ule wa kumeza miti mmoja mmoja, na roho yangu ikashuka nao. Mtu mwenye macho mazima haoni kitu kwenye ukungu kama ule. Niliushtaki mlima moyoni palepale, nikaukumbusha miaka niliyousifia kwa wageni. Askari alikula chapati yake na kunipa nusu.

Jioni ilikuwa inakaribia tulipokisikia kikombe cha Mzee kikigongwa kutuita. Ko, ko, ko. Nikarudi nikiongea, lakini sijui niliongea nini. Mwalimu alikuwa bado amekaa vile nilivyomgeuza. Nilipanda nusu ya ngazi nikasimama, naogopa kuuliza.

“Baba Njeri,” akasema, “nilikuwa namchora vibaya.”

“Alikuja?”

“Miaka hiyo yote, masikio nilimchorea madogo. Ni makubwa. Ni makubwa sana, bwana. Kila mtoto wa Kieni anatembea na ndongoro wa masikio madogo kichwani, na ni mimi niliyemweka.” Akaanza kucheka, na machozi yakitoka kwenye macho yote mawili, hata lile lisilofanya kazi.

Ukungu ndio uliomleta. Alipoona ametandikiwa hilo shuka jeupe alijiona yuko salama, akatoka kwa mianzi, akaja mpaka chini ya mti kabisa, karibu kiasi cha kumtemea mate. Mwalimu alimpitia na lile tundu lake la mlango kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma: pembe, shingo, kila mstari wa ubavu, kwato. Nilimuuliza Mzee Kariithi kama ni kweli. Akasema, “Alikuja. Alikula udongo. Akaenda.” Kwa Mzee hiyo ni hotuba.

Mzee alitutoka mwaka uliofuata, amelala kitandani mwake, gambuti zimepangwa mlangoni. Mwalimu yuko Bungoma, na sasa haoni kabisa. Hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, na kabla hatujakata namwambia anieleze tena yule mnyama. Ananieleza kutoka pembe hadi kwato, hajawahi kubadilisha kitu. Mtu akiniuliza kama nimewahi kumwonyesha mgeni ndongoro, najibu nimemwonyesha, tena mzima, tena nikiwa nimempa mgongo. Niambieni ni mwongozaji gani mwingine anaweza kusema hivyo.

Sasa nina ombi moja kwenu vijana. Sihitaji sherehe ya kustaafu wala saa ya ukutani. Kile kichanja bado kiko, niliwatuma watu wakabadilisha mbao. Ngazi nitaipanda polepole, goti moja likibembeleza lingine, nikaingoje ile nusu ya ndongoro iliyobaki. Mkipita pale bondeni na wageni wenu, na mkiinua macho mkaona gambuti zinaning'inia, msinisalimie. Msiwaambie wageni yule ni Mzee Ndirangu, ingawa najua mtatamani. Mimi nitakuwa nimenyamaza. Mama Njeri anasema hilo peke yake angelipa kiingilio kuliona.

Nyinyi ongeeni tu, ng'ombe, mpira, wanasiasa, chochote. Piteni chini yangu mkiongea, mwende na sauti zenu, kona baada ya kona, mpaka zipotee. Na tafadhali, msigeuke.